Nyaya za Pikipiki ya Mutyaba

Siku hizi watu wa huku kwetu Kalisizo wakitaja jina la kaka yangu Lubowa hushusha sauti, kisha hunitupia jicho la pembeni kuona kama nimesikia. Nimesikia. Masikio yangu hayana kasoro. Na kwa kuwa kila mmoja anasimulia apendavyo, huyu anasema Lubowa alirogwa, yule anasema alikuwa amelewa, acha nisimulie mimi niliyekuwepo, na niliyetia mkono.

Lubowa hakuwa mlevi. Alikuwa fundi wa nyaya za pikipiki, kazi hiyo tu. Injini na mnyororo aliwaachia wengine. Ukiwa na pikipiki inayozimika ikipita kwenye shimo, au honi inayolia yenyewe, ulimpelekea nyumbani kwake, naye alikaa juu ya kreti la soda chini ya banda la mabati akaingiza mkono chini ya tangi. Alikuwa na jambo moja lililompa jina: hakutazama alichokuwa akikifanya. Alikutazama wewe usoni, mkapiga soga, huku vidole vyake vikitembea peke yake mle ndani. "Mafundi wengine wanautazama waya," alijigamba, "mimi nausikiliza kwa vidole." Watu wakavutiwa. Wakamwita Vidole, na hata wa Kyotera na Lwengo wakawa wanamjia.

Ukweli ni kwamba kaka yangu hakuweza kutofautisha nyekundu na kijani. Kwake zote mbili zilikuwa kitu kimoja, rangi ya jani lililokauka. Nimelijua hilo nikiwa na miaka arobaini na mitatu, yeye arobaini na mmoja, baada ya kulelewa nyumba moja na kula sahani moja. Hasira yangu yote inaanzia hapo.

Maana ningepaswa kujua. Sisi ni watoto wa kahawa. Msimu ukifika baba alitupanga shambani kila mtu na kikapu chake, tuchume zilizoiva, nyekundu, za kijani tuziache mtini. Kikapu cha Lubowa kilikuwa mchanganyiko kila siku. Baba alikimwaga chini, akamchapa kwa fimbo ya mti wa kahawa. "Unachuma mbichi kwa makusudi! Kichwa chako kina nini?" Lubowa angejibu nini? Mtoto hajui kwamba wenzake wanaona kitu ambacho yeye hakioni. Ni Mutyaba, kitinda mimba wetu, aliyegundua, sijui aligunduaje. Akaanza kuchuma mti mmoja na kaka yake, akimnong'oneza: "Hii. Hiyo acha. Hii. Hii." Mimi nikadhani wanacheza, nikawasemea kwa baba kwamba wanapiga domo. Wakachapwa wote wawili.

Walivyoanza, ndivyo walivyoendelea. Lubowa alipopata nafasi katika gereji moja mjini Masaka, Mutyaba alimfuata. Mwenye gereji alidhani mdogo anajifunza kazi kwa mkubwa. Kumbe mdogo ndiye alikuwa macho ya mkubwa. Pikipiki ikifunguliwa, Mutyaba alisoma rangi kwa sauti ya chini, na Lubowa akafunga kila waya kwa kikamba cha ganda kavu la mgomba, kitu ambacho huku kwetu kinaokotwa kila mahali na hakuna anayekishangaa. Fundo moja, waya mwekundu wa betri. Mawili, waya wa kijani wa kwenda kwenye bodi. Matatu, swichi. Kitanzi, honi. Kitanzi na fundo, taa ya nyuma. Wakati wa kurudisha, hakuhitaji mtu. Alipapasa mafundo, akaunganisha, akakata vikamba na kuvitupa. Uwanja wake ulikuwa umejaa takataka hizo, nami kila nilipomtembelea nilimgombeza. "Mke hukuoa, ufagio je, umekushinda kununua?" Alicheka. Ana meno mazuri, Lubowa.

Mutyaba baadaye akanunua pikipiki yake akawa anabeba abiria, lakini kila mchana alipita kwa kaka yake dakika kumi, wakafunga mlango wa banda, akasoma rangi za siku hiyo akaenda zake. Akamwoa Nabatanzi wa upande wa Rakai, mwanamke mpole, mikono haitulii, wakazaa mabinti wawili. Kisha figo zikamshika. Mtu aliyekuwa akibeba magunia mawili ya kahawa na mwenye magunia juu yake, akawa anashikwa mkono kwenda chooni.

Alipoona hapandi tena pikipiki, alimwita Lubowa. Nilikuwepo, na Nabatanzi, na jirani mmoja. Akasema, "Kaka, ifungue yote. Fremu imeliwa na kutu. Ifanye mpya. Nikipona nitaipanda. Nisipopona ni ya Nabatanzi, atafute kijana wa kuiendesha, watoto wapate kula." Wakaifungulia palepale nyumbani kwa Mutyaba, chumba cha nyuma, yeye ameegemea ukuta juu ya mkeka, Nabatanzi akiwashikia taa; mimi nilikuwa nimeshaondoka, haya nilisimuliwa baadaye. Sauti ilikuwa imebaki kidogo lakini rangi alizisoma zote. Lubowa akafunga vikamba kama ishirini na kitu. Waligombana mara moja tu, walipofika kwenye waya mnene wa betri, Lubowa akakuta kijumba cha fyuzi hakipo.

"Umekikata?"

"Kilikuwa kinaruka. Barabara ya Kyotera unaijua ilivyo. Nikaunga moja kwa moja."

"Unataka siku moja uungue ukiwa juu yake?"

"Mbona sijaungua?"

"Nitaweka kingine wakati wa kurudisha," akasema Lubowa, akafunga fundo lake moja, akaendelea.

Mutyaba alifariki mwezi wa tatu. Tulimzika migombani. Ile pikipiki ilikuwa chumbani, imegawanyika katika magunia manne.

Mutyaba hakuacha mtoto wa kiume, na kwetu mwenye nyumba akifa lazima apatikane wa kuvaa nafasi yake. Mkubwa wa ukoo ni Baba Mkubwa Kigongo. Kigongo akatazama huku, akatazama kule, na baada ya kutazama sana akamwona mrithi anayefaa: Ssekitto, mwanawe mwenyewe. Nyumba kwa Ssekitto. Migomba kwa Ssekitto. Mjane atakaa kwa hisani. Tulipotaja pikipiki, mzee akakohoa.

"Marehemu alisema pikipiki ni ya mkewe," akasema. "Sibishi. Lakini pikipiki ni kitu kinachopandwa. Mimi nimeingia mle chumbani nikaona vyuma kwenye magunia. Vyuma vya nyumba vinakwenda na nyumba."

Nabatanzi alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka pamoja nasi wanawake. Hakuinua uso. Lubowa akasimama. "Itawaka, Baba Mkubwa."

"Lini?"

"Siku ya kumaliza msiba."

"Vizuri. Ikitoka uani siku hiyo kwa sauti yake yenyewe, ni ya mjane, na mimi nitakuwa wa kwanza kumpigia makofi. Isipowaka, ni chuma." Akatugeukia wanawake. "Mmesikia wote?"

Tulisikia. Siku ikapangwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane. Nilimlaani mzee yule moyoni kwa lugha ambayo sitaiandika hapa, kisha nikaenda kumpikia chai.

Lubowa alijitoa. Fremu aliipiga msasa mwenyewe na kuipaka rangi nyeusi. Injini akampa fundi wa Kalisizo, akangoja mwezi mzima ringi za pistoni. Kazi yake ya nyaya ikabaki mwisho, wiki ile ile ya sherehe, na hilo halikumtia wasiwasi, kwa sababu vikamba vilikuwapo. Hadi Alhamisi pikipiki ilikuwa imesimama kwa magurudumu yake mle chumbani, nyaya zimelazwa juu ya fremu kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma. Ijumaa asubuhi akaenda Masaka kutafuta globu na kebo ya breki.

Na Ijumaa ni siku yangu. Mimi ndiye shangazi wa nyumba ile, dada wa marehemu, na kwetu kazi ya kukitoa kifo ndani ya nyumba ni ya shangazi. Tangu siku ya mazishi waliofiwa hujifunga kamba za mgomba, na majani makavu hutandikwa watu walale. Kabla mrithi hajatolewa, vyote hivyo hutoka: majani, majivu ya jikoni, na kila uzi wa mgomba, hata ule uliofungia mlango wa banda la kuku. Ukisalia mmoja ndani, wazee husema, kifo kimebakiwa na mahali pa kushika. Nikiwa msichana nilimwona shangazi yetu akitambaa chini ya vitanda akitafuta nyuzi kwa vidole. Nami si mvivu. Nilipiga ufagio vyumba vyote, nikafika chumba cha nyuma, nikafungua dirisha, nikaona ile pikipiki imening'iniza vikamba kama ishirini.

Nilivifungua kimoja kimoja. Nilifanya taratibu, nisije nikavuta waya ukakatika, kwa sababu niliiheshimu kazi ya kaka yangu. Mafundo mengine yalikuwa magumu nikatumia meno. Nikavikusanya kwenye ungo pamoja na majani na majivu, nikavichoma nyuma ya jiko. Nikanawa mikono. Niliridhika sana na nafsi yangu.

Lubowa alirudi alasiri. Nilikuwa uani namenya matoke na wenzangu. Aliingia chumbani, kisha akatoka akasimama mlangoni.

"Nani aliingia humu?"

"Mimi. Kwa nini?"

"Kulikuwa na vikamba kwenye nyaya."

"Vilikuwepo. Leo siku ya nini, Lubowa? Wewe mtu mzima unafunga pikipiki ya marehemu kwa kamba za msiba, unataka tuzike nani tena?"

"Umeviweka wapi?"

"Nimechoma."

Alifungua kinywa. Hilo naliona mpaka leo, alifungua kinywa na mkono wake ukainuka kidogo, kama mtu anayetaka kumsimamisha mpita njia amwulize kitu. Wanawake wote walikuwa wanatazama. Na mimi nikafanya nini? Nikamtania. Nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Kwani si wewe Vidole? Si unausikiliza waya? Au ilikuwa maringo tu, waya hausikiki mpaka ufungwe kamba?" Wakaangua kicheko, mmoja akaangusha kisu.

Lubowa akafunga kinywa. Akacheka nao kidogo. "Ninazikumbuka," akasema, akarudi ndani.

Laiti ningejua. Nilikuwa hatua sita kutoka kwake. Angeniambia tu, "Nabwami, njoo unisomee," ningeacha matoke, ningekwenda, ningemsomea mpaka jua lizame, na siri yake ningekaa nayo. Hivyo ndivyo ninavyojiambia. Lakini ukweli unaonikata maini ni kwamba hakuwa na sababu ya kuniamini. Mara ya mwisho aliposomewa rangi mbele yangu, nilikwenda kumsemea kwa baba.

Alifanya kazi jioni ile na asubuhi ya pili. Nyaya nyingi alizipata bila rangi, kwa sababu plagi zake zina maumbo, ya swichi haiingii kwenye ya taa, na nyingine alizifuata kwa vidole ndani ya utepe mweusi kutoka mwisho hadi mwisho. Kwa hiyo si uongo wote, ule wa vidole. Asubuhi zikabaki mbili tu. Mbili nene, za kwenda kwenye betri, zilizotoka pamoja kwenye fundo moja la utepe, urefu mmoja, unene mmoja, kila moja na pete yake ya shaba. Kwenye pikipiki nyingine angejua mara moja, kwani ule mwekundu huwa na kijumba cha fyuzi. Hii Mutyaba alikikata, na kipya hakikupatikana Masaka siku ile. Kipimo chake Lubowa kilikuwa globu iliyofungwa nyaya mbili, na globu bila betri haisemi kitu. Betri ilikuwa inachajiwa Kalisizo, na kijana wa kuileta alikuwa amesema saa tatu.

Saa tatu ikapita. Ikapita ya nne. Ssekitto akatolewa mbele ya watu, amevishwa nguo ya gome juu ya kanzu, mkuki mkononi, akaapa kuitunza nyumba. Vigelegele vikapigwa. Nabatanzi naye alipiga, mjane wa watu, na wanawe wawili wamevalishwa magauni mapya ya njano. Ndipo kijana wa betri akaingia, betri amefunga kwenye kiti.

Kigongo hakumpa mtu nafasi ya kupumua. "Haya! Tuliambiwa kuna pikipiki. Ileteni tuione."

Wakaisukuma mpaka katikati ya uwanja. Ilipendeza. Tangi lilikuwa linang'aa, na Lubowa alikuwa ameandika jina la Mutyaba kwa herufi ndogo kwenye bamba la nyuma. Watu kama mia mbili wakaja wakazunguka, wanaume na kanzu zao, wanawake na magomesi yao, vikombe mikononi. Lubowa akapiga goti moja, akaiweka betri mahali pake. Akachomoa ile globu yake mfukoni.

"Hiyo ya nini?" Kigongo akauliza.

"Kupima kidogo, Baba Mkubwa."

"Miezi mitano hujapima? Wageni wana njaa. Kama iko tayari, iko tayari. Kama haiko, tuambie tukale." Watu wakacheka. Kuna aliyeitikia nyuma, "Vidole hapimi! Vidole anasikiliza!" Nabatanzi alikuwa amesogea mbele kabisa, karibu na tangi, na mzee akampungia mkono: "Wanawake rudini nyuma, mwacheni fundi." Akarudi nyuma.

Lubowa akairudisha globu mfukoni. Akashika nyaya mbili, moja kila mkono, pete zinamtazama. Alikaa nazo muda kidogo. Nilidhani anatuchezea, anataka tumpigie makofi. Kisha akafunga ya kwanza, akaibana kwa spana. Akafunga ya pili.

Cheche moja kubwa ikaruka, naye akaendelea kubana. Halafu moshi. Hakuwa hata amegusa swichi. Ulitoka chini ya tangi, mweupe, kisha mweusi, na harufu ile ya plastiki inayoungua ikatuingia kooni. Lubowa akajaribu kulegeza nati, spana ikateleza, akaitupa akaushika waya wenyewe kwa kiganja akauvuta. Niliisikia ngozi yake. Mtu akaimwagia pikipiki udongo, mwingine akaleta maji ya jikoni. Waya ulipokatika, ule mkanda wote wa nyaya kutoka mbele hadi nyuma ulikuwa umeyeyuka ukawa kitu kimoja, na rangi ya tangi imefura malengelenge upande mmoja. Jina la Mutyaba halikuungua.

Hakuna aliyecheka. Hilo nawapa. Kigongo alingoja moshi upungue, akaizunguka pikipiki nzima mikono nyuma, akasema bila kupandisha sauti, "Ni chuma." Kisha akawakaribisha wageni kwenye matoke, nao wakaenda.

Nilimkuta Lubowa nyuma ya jiko, mahali palepale nilipochomea vikamba, kiganja wazi, ngozi imetoka. Nikaleta maji na asali na kitambaa. "Vitu viwili tu!" nikamwambia. "Ishirini umevipatia, viwili vikakushinda!"

Alitoa mfukoni kipande cha waya, chenye pete, alichokuwa amekikata. "Huu ndio niliofunga upande wa kujumlisha," akasema. "Ni rangi gani?"

"Unanitania?"

"Nabwami. Ni rangi gani?"

"Kijani. Kwani huoni?"

"Sioni," akasema. "Sijawahi kuona." Akanieleza yote pale, kwa maneno machache, huku namfunga kiganja, kikapu cha kahawa, Mutyaba, gereji, mafundo. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia jana. Akasema, "Ungenitania." Nikakaza kitambaa mpaka akaguna.

Nabatanzi aliondoka wiki mbili baadaye. Hakufukuzwa. Ssekitto alihamia tu, akaleta mke, na mke akahamisha sufuria za Nabatanzi kutoka jikoni kwenda kwenye kibanda cha kuni. Akachukua watoto wake na godoro, akaenda Kyotera, akapanga chumba, sasa anachoma ndizi na mahindi pale wanapoegesha pikipiki za abiria. Moshi wa jiko unamwingia kutwa. Binti mkubwa ameacha shule anamsaidia.

Na kile chuma? Miezi miwili tu, jamani. Ssekitto alinunua mkanda mpya wa nyaya, fundi wa Masaka akauweka kwa siku moja, na chuma kikawaka. Leo kinabeba abiria. Anakiendesha shemeji yake Ssekitto, na kituo chake ni Kyotera, mbele ya jiko la Nabatanzi. Anamnunulia ndizi.

Lubowa hashiki tena nyaya. Kiganja kilipona kimekunjamana, lakini si kiganja kinachomzuia. Wateja walikuja akawaambia waende kwa wengine. Anaziba pancha, anapaka grisi, basi. Meno yake mazuri siyaoni tena.

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia, nikabeba mkungu wa matoke nikaenda Kyotera kwa Nabatanzi. Nilikuwa nimeamua kumwambia kila kitu, kwamba vilivyomwangusha Lubowa ni vikamba, na vikamba nilivifungua mimi, na kwamba asimchukie shemeji yake kwa kudhani alifanya uzembe. Alinikaribisha chumbani kwake, akapiga magoti kunisalimia kama zamani, kama vile bado nina kitu cha kustahili magoti. Nikaanza: "Wifi, kuna jambo la Lubowa hulijui. Macho yake..."

"Najua, wifi," akasema. "Nyekundu na kijani. Mutyaba aliniambia mwaka ule aliponioa. Alinikataza kulisema."

Nikamsogelea.

"Siku ile nilisimama karibu na tangi," akaendelea, huku anamenya ndizi, hanitazami. "Nilisogea kwa ajili hiyo. Nilifikiri, akikwama atanitazama, nitamwonyesha kwa jicho. Hakunitazama. Mzee akaturudisha nyuma. Bado niliona. Nilimwona akiuchukua wa kijani akaupeleka upande wa nyekundu. Niliona kabla hajaubana."

"Na hukusema?"

"Mbele ya ukoo mzima, wifi? Mimi mwanamke wa kuja, nimwambie fundi, shemeji yangu, kwamba haoni? Wangemcheka mpaka kaburini. Nilidhani labda mimi ndiye nimekosea. Nilidhani labda ana njia yake." Akaweka ndizi iliyomenywa juu ya nyingine. "Nilimwonea haya. Basi. Nilimwonea haya, nikachoma chakula cha wanangu."

Nje pikipiki zilikuwa zinapiga honi. Nilitaka kumpiga, nilitaka kumkumbatia, sikufanya hata moja. Nikamwuliza kama amewahi kumwambia Lubowa. Akasema hapana, na akaniomba nami nisimwambie. Aliniomba kwa kunishika goti.

Nilirudi Kalisizo jioni. Lubowa alikuwa bandani kwake, ana tairi kwenye beseni la maji anatafuta tundu. Hakuinua kichwa, lakini aliacha kuizungusha ile tairi.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta. Hajambo."

"Amesema nini?"

"Anakusalimu," nikasema.

Alingoja. Mikono yake ilikuwa bado ndani ya maji.

"Hakusema kitu kingine?"

"Hakusema," nikamjibu.